Picha Ndani ya Kopo la Hamira

Watoto, naomba radhi mapema. Hadithi hii ni nzuri, ila aliyepewa kazi ya kuisimulia ana mdomo wenye magurudumu. Nikiitumbukiza mtaroni, nyinyi ivuteni tu, tuendelee.

Haya, naanza. Bado. Sasa naanza.

Huko Soni, milimani, palikuwa na mtoto anaitwa Sihaba. Alikuwa na miaka sita, na miguu miwili isiyojua kukaa.

Akila, miguu inacheza. Akisukwa nywele, shingo inazunguka kama feni. Akilala, blanketi linaangukia huku, mto unaangukia kule.

Sihaba alikuwa na dada yake, Zuena. Kesho asubuhi Zuena alikuwa anakwenda shule ya bweni, mbali, mpaka likizo.

Zuena alikuwa na tranka jipya, sanduku la bati la rangi ya bluu. Sihaba alilifungua, akalifunga. Kwa! Akalifungua tena.

Zuena akamweleza kwamba huko bwenini kila mwanafunzi hubandika picha ya watu wa kwao ndani ya kifuniko cha tranka. Ukifungua kutafuta sabuni, unawaona wa nyumbani.

Sihaba akachungulia kifuniko. Kilikuwa kitupu.

"Na mimi nitakaa hapo," akasema. "Usije ukanisahau."

Lakini picha hawakuwa nayo. Simu ya Mama ilikuwa ya batani. Ilijua kupiga kelele, haikujua kupiga picha.

Mama akamwita kaka yake, Mjomba Hoza. Zamani Mjomba Hoza alifanya kazi studio ya picha. Aliiacha kazi, au kazi ilimwacha yeye, mpaka leo haijulikani.

Mjomba akaja na mfuko. Sihaba alingoja itoke kamera kubwa. Yakatoka makopo matatu: kopo la kakao, kopo la majani ya chai, na kopo dogo la hamira.

Sihaba akauliza kamera iko wapi. Mjomba akasema si hizo hapo, tena tatu.

Sihaba akamnong'oneza Mama kwamba Mjomba apewe chakula, njaa inamsumbua.

Mjomba akacheka. Akasema kamera ya kopo haina betri wala kioo. Ina giza na tundu, basi. Ndani ya kopo lazima pawe giza, kama ndani ya mdomo uliofungwa.

Mama akamuuliza amejuaje, na wake haujawahi kufungwa.

Wakakwangua masizi chini ya sufuria. Kwaru, kwaru, kwaru. Wakayachanganya na gundi.

Sihaba akapaka masizi ndani ya kopo la kakao. Akapaka kopo la chai. Akapaka kopo la hamira. Akapaka na pua yake.

Mjomba akatoboa kila kopo kwa sindano. Tik. Tik. Tik. Tundu dogo, kama jicho la sisimizi.

Juu ya tundu wakabandika utepe mweusi. Huo utepe ndio mlango wa mwanga. Ukiubandua, mwanga unaingia. Ukiubandika, mwanga unabaki nje.

Mjomba alikuwa na karatasi nne za picha, ndani ya bahasha nyeusi. Karatasi hizo zikiuona mwanga kabla ya wakati, zinaharibika.

Basi akaingia stoo, penye giza. Akaweka karatasi moja katika kila kopo, akafunika vizuri. Ya nne akaitunza. Hiyo ilikuwa na kazi yake baadaye.

Kisha akawaeleza sheria ya kopo. Tundu ni dogo, kwa hiyo mwanga huingia polepole. Mpaka uhesabu sitini. Anayetulia, anabaki kwenye picha. Anayecheza, anafutika.

Wakaimba wote:

*Tuli, tuli, tulia tuli,*
*tundu dogo, picha kamili.*

Wakaanza na kopo la kakao. Mjomba akaliweka juu ya kigoda. Mama, Zuena na Sihaba wakasimama mbele ya mlango, juani.

Mjomba akabandua utepe. Moja, mbili, tatu, nne.

Akaja nzi. Ziii. Akatua kwenye pua ya Sihaba, pale penye masizi.

Sihaba akakunja pua. Nzi akahamia sikioni. Sihaba akampiga kofi, akamkosa, akamfuata mpaka kwa jirani.

Sitini. Mjomba akabandika utepe.

Wakaingia stoo. Mjomba alikuwa na tochi iliyofungwa kitambaa chekundu, maana mwanga mwekundu hauli karatasi. Akaiosha karatasi kwenye sahani ya dawa. Chwa, chwa, chwa. Dawa ile watoto hawaigusi, wanaitazama tu.

Picha ikaanza kutokea, taratibu. Ilikuwa ya kinyume: nywele za Mama nyeupe, meno yake meusi. Mjomba akasema wasiogope, karatasi ya nne ndiyo itakayoigeuza mwishoni.

Mama yupo. Zuena yupo. Mlango upo. Katikati yao kuna ukungu.

"Mimi niko wapi?" Sihaba akauliza.

Mjomba akaweka kidole kwenye ukungu.

Ukungu haubandikwi kwenye tranka.

Wakachukua kopo la majani ya chai.

*Tuli, tuli, tulia tuli,*
*tundu dogo, picha kamili.*

Safari hii Sihaba alijikaza. Akabana mikono. Akabana mdomo. Akabana na pumzi, mashavu yakajaa kama maandazi.

Mama akamwambia atulie. Zuena akamwambia atulie. Mjomba akamwambia atulie mara kumi na saba.

Nanyi mnajua ilivyo. Ukiambiwa usijikune, hapo hapo panawasha. Sihaba akawashwa goti. Akawashwa shingo. Akawashwa mahali ambapo hata jina hapana.

Akajikuna kote. Ila miguu haikuondoka pale ilipo.

Sitini. Stoo. Chwa, chwa, chwa.

Mama yupo. Zuena yupo. Chini, katikati yao, zipo kandambili mbili zimesimama zenyewe. Juu ya kandambili, ukungu.

Zuena akasema basi, atazibandika hizo kandambili. Akiziona atajua mwenyewe amepita hapo.

Sihaba hakucheka. Chozi likamtoka. Na lenyewe halikutulia, likakimbia mpaka kidevuni.

Sasa kopo lilibaki moja, lile dogo la hamira. Jua nalo lilikuwa limeusogelea mlima. Likijificha, hakuna picha tena, na kesho asubuhi Zuena hayupo.

Sihaba akaenda nyuma ya jiko, kwa rafiki yake, kuku anayeitwa Madoa.

Madoa alikuwa ndani ya karai kuukuu. Alikuwa anaatamia, yaani anayakalia mayai yake yapate joto. Siku ya kumi na mbili hiyo.

Nzi yule yule akaja. Ziii. Akatua kwenye kichwa cha Madoa. Madoa hakutikisika.

Jani likamwangukia mgongoni. Madoa hakutikisika.

Sihaba akamuuliza kama hawashwi. Madoa akasema, "Kwooo," akaendelea na kazi yake.

Sihaba akamtazama sana. Hakuna mtu aliyemwambia Madoa atulie. Yeye alikuwa na mayai.

Sihaba akakimbia jikoni. Akamwomba Mama yai moja bichi, katika yale ya kuchemshwa kwa safari ya Zuena. Akasema picha ya mwisho ipigwe kule kwa Madoa.

Mama akalitazama yai. Akaitazama miguu ya Sihaba. Akawaza kidogo. Akampa.

Sihaba akachuchumaa kando ya karai. Akaliweka yai katikati ya viganja viwili, akalifunika kwa pindo la khanga.

Mjomba akamkumbusha kwamba kopo ni la mwisho, kwa hiyo tafadhali sana atulie.

"Mimi situlii, Mjomba," Sihaba akasema. "Mimi naatamia."

Mjomba akaweka kopo la hamira juu ya kinu. Kisha akasema safari hii na yeye anaingia kwenye picha, kwani yeye si mtu wa nyumbani?

Akabandua utepe. Akakimbia, akachuchumaa nyuma ya Sihaba, katikati ya Zuena na Mama. Akaanza kuhesabu.

*Tuli, tuli, tulia tuli,*
*tundu dogo, picha kamili.*

Kumi. Akaja nzi. Ziii. Sihaba ana yai.

Ishirini. Goti likawasha. Sihaba ana yai.

Thelathini. Mguu wa kushoto ukaomba kucheza kidogo tu, kisha urudi. Sihaba akauambia usubiri, kuna mtu anaatamia hapa.

Yai likaanza kupata joto. Kuku huku, Sihaba huku. Hakuna aliyetikisika.

Arobaini. Mjomba akageukia kushoto, akamwambia Zuena asicheke. Hamsini. Akageukia kulia, akamwambia Mama asifumbe macho. Akamchungulia Sihaba, akamsifu, akamwambia hivyo hivyo, asimsikilize mtu.

Sitini. Mjomba akakimbia kubandika utepe. Na jua likaingia nyuma ya mlima.

Sihaba akafungua viganja. Yai lilikuwa zima.

Wakaingia stoo wote, wamebanana. Chwa, chwa, chwa. Picha ikatokea, ya kinyume.

Mjomba akailaza juu ya karatasi ya nne. Akawasha mwanga mara moja, akazima. Chwa, chwa, chwa tena.

Nyeupe ikawa nyeupe. Nyeusi ikawa nyeusi. Picha ilikuwa ndogo, kama kiberiti.

Madoa yupo, na madoa yake yote. Mama yupo. Zuena yupo.

Na Sihaba yupo. Macho mawili. Viganja viwili. Pua moja, na masizi yake.

"Huyu ni mimi," Sihaba akasema. Akaruka juu, akagonga kichwa kwenye rafu ya stoo, akaruka tena.

Picha ilipokauka, Zuena akaibandika ndani ya kifuniko cha tranka. Akafunga. Kwa! Akafungua.

"Nikitafuta sabuni, nakuona," akamwambia Sihaba. "Nikitafuta soksi, nakuona."

Sihaba akamwambia apoteze soksi kila siku.

Mama akachemsha mayai ya safari. Lile la Sihaba likachorwa alama ya mkaa, lisichanganyike na mengine. Zuena aliahidi kulila la mwisho.

Kisha wakala, wakanawa, wakalala kitanda kimoja, dada na mdogo wake. Blanketi likaangukia huku. Mto ukaangukia kule. Usiku ule Zuena hakumwambia mtu atulie.

Hadithi imeisha, watoto. Kimebaki kitu kimoja tu.

Kwenye picha ile, nyuma ya Sihaba, kuna mwanamume amechuchumaa. Magoti yapo. Mikono ipo. Shati lipo, na vifungo vyake. Juu ya shingo kuna ukungu.

Huko bwenini walimuuliza Zuena ni nani huyu asiye na kichwa. Zuena akawajibu kwamba ni mjomba wake, alikuwa anawaambia watu watulie.

Miaka yote nimewaambia watu kwamba kopo lile la hamira lilikuwa bovu. Kopo lilikuwa zima kabisa. Mjomba Hoza ni mimi.