Injini Iliyokaribishwa kwa Maziwa

Asubuhi ile kuku wa Chelangat walionekana wamelala juu ya boneti ya lori. Hawakuwa bandani, wala kwenye mparachichi uliokuwa kando ya choo. Walikuwa wamejipanga juu ya bati, wamefura manyoya, kama watu waliozunguka jiko.

Ulikuwa mwezi wa saba, na baridi ya Kitale mwezi huo haina huruma. Chelangat aliwafukuza kwa leso, kisha akaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa moto. Jua lilikuwa bado halijachomoza, lakini bati lile lilichoma kama la lori lililotoka safari sasa hivi.

"Baba Jerop," aliita dirishani, "umewasha lori?"

"Nimewasha saa ngapi, na ndio naamka?" Rotich akamjibu kutoka kitandani. "Si useme tu bado unalilia pikipiki."

Kweli, alikuwa bado anaililia. Mwaka huo wa 1988 mahindi waliyonunua Kachibora na kuuza Bungoma yalikuwa yamewapa faida, lakini faida ya kutosha kitu kimoja tu. Chelangat alitaka pikipiki kwa ajili ya kifua cha Jerop, binti yao wa miaka sita. Pumu ikimbana mtoto, lori lilikataa kuwaka, naye Chelangat humbeba mgongoni mbio kutoka Matisi hadi hospitalini, akihesabu pumzi zake njiani. Rotich alitaka injini mpya ya lori. Ile ya zamani, ikipakiwa magunia, ilipanda milima ikikohoa kuliko Jerop, na madereva wenzake walimpita wakipiga kelele: "Rotich! Shuka usukume, bana!" Kicheko hicho alirudi nacho nyumbani kila jioni, akakila pamoja na ugali.

"Lori likipata nguvu," alisema, "pikipiki itakuja yenyewe."

Injini ikanunuliwa, siku chache kabla ya asubuhi ile ya kuku.

Ilitoka Bungoma, kwa muuza vyuma mmoja nyuma ya soko, na fundi Mbugua wa Matisi ndiye aliyeifunga. Siku ilipowaka mara ya kwanza, Rotich alifanya kama baba yake alivyofanya kila alipoleta ng'ombe mgeni bomani. Alichukua kibuyu cha mursik, yale maziwa yaliyolazwa na mkaa, akaimiminia injini kidogo. Akajitemea mate kifuani kwa baraka, na kwa sauti iliyosikika ua mzima akasema, "Karibu. Umefika. Hapa ndipo kwenu, na sisi ndio watu wako."

Mbugua aliweka spana chini. "Mzee, hayo si maneno ya kuambia chuma."

"Hiki chuma kinakula mafuta," Rotich akacheka. "Anayekula kwangu namkaribisha."

Injini ilikuwa na nguvu ajabu. Rotich aliwapita wote waliomcheka, akiwapungia mkono. Lakini nyumbani pakaanza kunuka njugu. Harufu ya njugu zinazokaangwa ilitoka uani alfajiri na magharibi, nzito, tamu, yenye kuungua kidogo. Njugu zilikuwa zimepigwa marufuku katika nyumba ile, maana zilikuwa zinamfunga Jerop kifua. Chelangat aliwauliza majirani, hakuna aliyekaanga. Siku alipofagia lori, akakuta maganda yale mekundu, membamba kama mbawa za mchwa, yamejaa juu ya kiti cha dereva.

"Umeanza kula njugu?" alimuuliza mumewe.

"Mimi? Njugu nazipeleka wapi na haya meno?"

Kisha ikaja honi. Rotich hakuwa mtu wa honi. Akifika langoni alipiga mluzi, na Jerop hukimbia kumfungulia. Jioni moja alikwenda Kachibora kwa gari la watu kuongea na wakulima, akaliacha lori uani, na ufunguo ukining'inia kwenye msumari sebuleni. Chelangat alikuwa anachambua mboga aliposikia honi mbili fupi na moja ndefu. Aliinuka kwenda langoni. Akasimama katikati ya ua, majani ya managu mkononi, kwa sababu mlio ule haukutoka nje ya lango. Ulitoka nyuma yake.

Hakugeuka upesi. Alipogeuka, lori lilikuwa limetulia mahali pake, na kioo cha mbele kilikuwa na ukungu, kama mtu anayepumua ndani.

Baada ya hapo Rotich naye akaacha mluzi. Akawa anapiga honi: mbili fupi, moja ndefu. Na jioni moja, Chelangat alipochelewa kidogo, alimsikia akiita kutoka nje, kwa hasira iliyochoka, "Nakhungu! Fungua lango!"

Alifungua. Mumewe aliingiza lori bila kumtazama.

"Nakhungu ni nani?" Chelangat akauliza, akidhani jambo lenyewe ni lile la kawaida la wanaume wenye magari.

Rotich alimkazia macho kama mtu anayetafuta uso mwingine nyuma ya huu anaouona. "Mimi sijui Nakhungu," akasema mwishowe, na ilionekana wazi kwamba hajui, na kwamba ameogopa.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, Rotich alibaki na wazee kwa mkutano wa harambee, na Chelangat akarudi na mtoto. Jua lilikuwa linatua alipomketisha Jerop kwenye karai jikoni amwogeshe. Alisikia honi, mbili fupi na moja ndefu, akakaza moyo, akaendelea kumpaka mtoto sabuni, na honi ikaja tena, na tena, kila mara ndefu kuliko ya kwanza, kisha injini ikanguruma yenyewe bila mkono wa mtu, na magurudumu yakasaga changarawe polepole, yakirudi nyuma, yakirudi nyuma, mpaka ule mlango wa jikoni ukaguswa na kitu kizito kilichousukuma na kuuziba, na moshi mweusi ukaanza kupenya chini ya mlango na kupanda ukutani na kumzunguka mtoto aliyekuwa uchi ndani ya karai, moshi wenye harufu ya dizeli na njugu zilizoungua, na Jerop akafungua kinywa kulia lakini kilio hakikutoka, kilitoka kile kifilimbi chembamba ambacho mama yake alikijua na kukiogopa kuliko kifo chake mwenyewe.

"Nafungua!" Chelangat akapiga kelele, asijue kwa nini. "Nakuja kufungua!"

Injini ikazima.

Alimtoa mtoto kupitia dirishani. Kesho yake asubuhi, kifua cha Jerop kilipotulia, alikwenda gereji kwa Mbugua. Fundi alimwona akija, akafuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ile injini ilikuwa ya nani?"

Mbugua alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Mama, nilimwambia bwana yako. Hakusikia. Ni ya dereva anaitwa Wekoye, wa huko Bungoma. Gari lake lilianguka, injini ikaingia ndani na kumbana. Alikatia roho hapohapo, amekumbatia chuma. Sasa huko kwao mtu akifia barabarani, watu wake wanakwenda pale alipoanguka wanamwita kwa jina, wanamrudisha nyumbani. Yule muuzaji alitusihi: ngojeni jamaa waje Jumamosi wamwite, ndio mchukue. Rotich akaogopa injini itanunuliwa na mwingine."

"Mkaichukua lini?"

"Ijumaa."

"Kwa hiyo Jumamosi..."

"Jumamosi waliita gari tupu. Na huku sisi tukammiminia maziwa, tukamwambia hapa ni kwenu."

Jioni alimkabili mumewe. Rotich hakukana. "Nilijua nini? Mtu amekufa. Chuma hakifi." Lakini mkono wake ulipotoka mfukoni, ganda jekundu la njugu lilidondoka sakafuni, na wote wawili wakalitazama.

Chelangat alisafiri mwenyewe hadi Bungoma. Hakupata taabu kuiona nyumba ya Wekoye. Aliulizia mjane wake, akaelekezwa kwa Nakhungu. Akaduwaa kulisikia jina hilo, akaingia. Alikuta mwanamke kijana, kitoto kichanga mgongoni, na ami wa marehemu, mzee Barasa, ameketi kwenye kigoda.

"Akifika langoni alikuwa anapiga honi?" Chelangat aliuliza.

Nakhungu akaanza kulia kabla ya kujibu. "Mbili fupi, moja ndefu, na njugu za moto mkononi. Siku aliyokufa alikuwa anakimbia kuja nyumbani. Alikuwa hajamwona huyu mtoto."

Walikuja Kitale siku ya pili yake, mchana, mvua ikinyunya. Mzee Barasa alikuwa na tawi bichi mkononi. Aliligusisha boneti taratibu, kama anayemwamsha mtu.

"Wekoye! Wekoye, inuka, twende kwa mama. Mke wako huyu hapa. Mtoto huyu hapa."

Ndani ya injini kitu kikagonga mara moja. Mzee alilipima tawi, akatikisa kichwa. "Bado ni jepesi; angekubali kupanda, lingekuwa zito. Hataki. Anasema amekaribishwa hapa kwa maziwa." Akamgeukia Rotich. "Kijana wangu, kinywa kilichomkaribisha ndicho kitakachomtoa. Mwambie hapa si kwake."

Rotich alitazama injini yake. Chelangat alimwona akiitazama hivyo, kwa uchungu wa mtu anayeambiwa arudi kuchekwa. Kisha akainama, akaweka mdomo karibu na bati, midomo ikachezacheza. Hakuna aliyesikia.

"Umesema?" Barasa akauliza.

"Nimesema."

Boneti ikapoa. Chelangat aliigusa mwenyewe, ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, akashukuru Mungu kwa sauti. Mzee Barasa alilipima tawi mkononi mara mbili, akakunja uso. Injini iling'olewa, wakaondoka nayo kwenda kuizika uani kwao.

Bodi ya lori ikauzwa, na pesa zile zikanunua pikipiki. Rotich mwenyewe ndiye aliyekwenda kuichagua Bungoma. Alirudi nayo magharibi. Siku hiyo hiyo, kwa sababu ya vumbi au kwa sababu nyingine, Jerop alikuwa amebanwa. Alikaa kitandani, mabega yamepanda, kifilimbi kikilia kifuani. Chelangat aliposikia mngurumo ukija alisema, "Baba huyo, mama. Atatupeleka hospitali sasa hivi," akakimbilia lango.

Mkono wake ulikuwa juu ya komeo aliposikia honi. Ilikuwa honi nyembamba, ya pikipiki. Mbili fupi. Moja ndefu.

"Baba Jerop?" alinong'ona.

Chini ya lango ilipenya harufu ya njugu.

"Siku ile pale kwenye boneti, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia asubiri," sauti ya mumewe ikajibu, kwa upole. "Nilimwambia pikipiki inakuja." Kisha, kwa koo lile lile, hasira iliyochoka: "Nakhungu, fungua lango. Nipe mtoto wangu."

Chelangat aliondoa mkono kwenye komeo kidole kwa kidole. Alirudi ndani, akamfunga Jerop mgongoni kwa leso, akapenya kwenye ua wa nyuma, akakimbia kama alivyokuwa akikimbia siku zote. Nyuma yake mngurumo ulimfuata bila taa, ukienda mwendo wa mtu anayetembea, usimpite wala usibaki, hadi getini mwa hospitali.

Jerop alipewa dawa. Pumzi zikarudi moja moja, na Chelangat akaegemeza kichwa kwenye kitanda.

"Mama," nesi alimgusa bega, "bwana yako yuko nje. Nimemwambia aingie, anasema atangoja wewe umfungulie. Ati nimpe mtoto hizi."

Akaweka kitandani karatasi iliyokunjwa kama pia, imejaa njugu, bado za moto. Chelangat alinyoosha mkono aitupe mbali, lakini Jerop alikuwa amewahi. Mtoto ambaye tangu azaliwe hakuweza hata kuinusa njugu alichukua moja, akaimenya ganda jekundu kwa kidole gumba, akatafuna taratibu. Kifua chake kilikuwa kimetulia kabisa.

"Mama," akasema, "mbona humfungulii baba?"