Jiwe Alilotaka Kulichemsha Wendell

"Hilo ni gugu, Noreen. Leo nina mapumziko. Ukirudi kazini utakuta nimeshalichemsha hilo jiwe, yaishe."

"Gugu gani lina rangi nzuri hivyo?"

"Mabaya yote ya baharini yana rangi nzuri."

Noreen aliinamia kioo cha tangi lao la maji ya chumvi. Jiwe ambalo mumewe, Wendell, alimletea siku ya kumbukumbu ya ndoa yao, akisema kalinunua dukani, lilikuwa limeota vimaua vya rangi ya chungwa vyenye kope za kijani. Mji wao wa Toledo hauna bahari, na theluji ilikuwa imelala hadi madirishani, lakini sebuleni kwao matumbawe yalistawi. Wendell alijua kuyaleta na kusifiwa na wageni. Kupima chumvi, kusugua kioo na kulisha ilikuwa kazi ya Noreen, na aliipenda kama mtu apendavyo mtoto.

"Ngoja basi niwaulize watu kundini."

"Mumeo nimekwambia ni gugu. Unataka wambea wa mtandaoni wakwambie nini?"

"Makubwa. Kuuliza tu?"

Noreen akapiga picha, akavaa koti, akaenda zake.

Alipofika kwenye kliniki ya meno alikokuwa akipokea wagonjwa, akaituma picha kwenye kundi la wafugaji wa matumbawe: "Jamani, nini hiki kimeota kwenye jiwe langu? Mume wangu anataka kulichemsha."

Jibu la mwanamke mmoja halikukawia.

"Dada, mzuie. Vimaua hivyo vina sumu. Jiwe lake likichemshwa, mvuke unaua mtu."

Kabla hajashusha pumzi, ujumbe mwingine ukaingia, huu wa faragha, kutoka kwa mwanamke yuleyule.

"Naitwa Corinne. Samahani kukusumbua. Rangi hiyo niliizalisha mimi na sijawahi kuiuza. Si unajua desturi yetu wafugaji, unampa umpendaye kipande, ili chako kikifa akurudishie? Nilimpa mtu mmoja tu, mchumba wangu Wendell. Wewe umekipata wapi?"

Chini yake palikuwa na picha. Wendell huyohuyo, amevaa sweta ambalo Noreen alimfumia kwa mikono yake, anacheka shavu kwa shavu na mwanamke mwenye nywele nyekundu.

Mume wake alikuwa nyumbani na sufuria, na kwa kitambo kidogo, tusidanganyane, alitamani asipige simu. Kisha akapiga.

"Wendell, jiwe liko wapi?"

"Linatokota. Si nilikwambia?" Akakohoa. "Ila sijui nimekula nini, mdomo una ladha ya chuma."

"Zima jiko. Toka nje."

"Na baridi hii?"

"Mvuke huo ni sumu. Toka."

"Nani kakudanganya?"

"Corinne."

Ilisikika sufuria tu ikichemka, halafu mlango ukabamizwa.

"Noreen, mke wangu, hebu nisikilize..."

"Usirudi ndani. Naita gari la wagonjwa."

Alasiri alimkuta hospitalini, macho mekundu, mpira wa hewa puani. Daktari alikuwa amesema atapona.

"Shetani alinipitia," Wendell alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Mara moja tu."

"Mara moja?"

"Naapa. Ni jiwe hilo tu."

Noreen akavuta kiti, akakaa.

"Nimeongea na Corinne. Nimemtumia picha ya tangi zima. Lile tumbawe la zambarau ulilosema umelifuata hadi mji wa Cleveland, ni lake. Lile la njano uliloniletea wiki niliyomzika mama, ukanikumbatia, ni lake. Amevitaja vyote kimoja kimoja, Wendell, huku analia. Wewe ulimwambia umeachana na mkeo zamani."

Wendell akageukia ukutani.

"Sikwenda harusi ya dada yangu kwa sababu ya lile tangi. Nilisema nani atalilisha. Kumbe nilikuwa nalea zawadi za uchumba za mwenzangu."

"Kama unanichukia hivyo, mbona umeniokoa?"

"Hata mpita njia ningemwokoa."

"Tukifika nyumbani tutayazungumza. Tafadhali."

Nesi aliingia akiwa anatabasamu. "Tutamruhusu kesho asubuhi. Mama, ni wewe utakayekuja kumchukua?"

Noreen alisimama, akafunga vifungo vya koti lake polepole.

"Muulize mwenyewe anakwenda wapi," alisema. "Kwangu hapana. Na Corinne ameniambia ameshabadilisha kitasa cha mlango wake."

Akatoka. Kwenye maegesho aliingia ndani ya gari, akalia mpaka vioo vikafanya ukungu, kisha akawasha injini akaenda kwa dada yake.