Kiti Kipya cha Mchafukoge

Udi ulinuka dukani kwa Sabaha kabla ya mtu kuuwasha. Ilikuwa adhuhuri, mtaa wa Mchafukoge unaungua kwa jua, wateja wa vitenge wamejaa hadi mlangoni, na harufu ikashuka ngazi taratibu kutoka chumba cha juu alikofungwa mdogo wake, Mshamu. Sabaha akapanda kutazama. Chetezo kilikuwa baridi, kina jivu la jana. Mshamu alikaa mkekani, mnyororo mguuni, akicheka na ukuta.

Akili ya Mshamu iliruka akiwa kijana, na mganga akamwambia dada yake asihangaike na hospitali. Huyu ni kiti cha jini wa mali, alisema. Jini akiwa ameketi, duka halitakosa mteja. Akamwonya jambo moja tu: udi ukifuka, asimtaje mtu mwingine mahali pa Mshamu, maana jini huketi anapoelekezwa. Tusimdhulumu Sabaha: siku hiyo alilia. Kisha duka likajaa, na machozi yakakauka upesi. Vidonge alivyoacha marehemu mama yao, vilivyokuwa vikimtuliza kijana, alivimwaga chooni. Kila siku akapandisha sahani mbili: ya jini halua, ya Mshamu ugali wa jana.

Basi serikali ikaja na mambo yake. Ilitangaza kwamba matibabu ya akili hayatangojwa tena kwenye hospitali kubwa. Yatashuka hadi zahanati za kata, dawa zitolewe bure, wauguzi wapite nyumba kwa nyumba, na atakayemfunga ndugu yake atajibu mahakamani. Sabaha aliisikia redioni akasonya. Serikali hutangaza mengi. Safari hii ilipiga hodi.

Mjumbe wa mtaa alimleta muuguzi, Evelyn, binti mpole wa Kichaga. Walimkuta Sabaha chini ya ngazi, chetezo mkononi kinafuka, anataka kupanda. Evelyn akaamkia, akaeleza kwamba majirani wamesikia mtu akipiga kelele juu.

"Hatujaja kumkamata mtu leo, mama," akasema. "Tumekuja kutibu. Mgonjwa yuko wapi?"

Mlango wa rehema ulikuwa wazi, na Sabaha akaufunga kwa mkono wake. Aliwaza duka tupu.

"Mgonjwa ni mimi," akasema. "Hizo kelele ni zangu."

Mdomo huponza kichwa. Moshi uliokuwa ukipanda ukasimama, ukapinda, ukaingia ndani ya mkono wa gauni lake. Evelyn hakuuona. Alimhoji kwa upole, akampa vidonge, akaahidi kurudi.

Walipoondoka, juu kukawa kimya, kimya ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau, na ndani yake ikasikika sauti ya Mshamu, ile ya zamani, ya utulivu, ikiuliza mbona amefungwa, na Sabaha akapanda ngazi akishika ukuta, huku nyuma yake, karibu kabisa na sikio, mtu akicheka kile kicheko cha Mshamu cha kila adhuhuri, akageuka asione mtu, akapanda tena, kicheko kikapanda naye, hata alipofika mlangoni akauziba mdomo wake kwa kiganja na kicheko kikakatika, ndipo alipojua kinatoka wapi.

Akaweka chetezo sakafuni, akajikaza amrudishe jini kwenye kiti chake. Alitaka kusema, kiti ni Mshamu. Mdomo ukasema, "Ni mimi." Akajaribu tena. "Ni mimi."

Kwa akili iliyombakia akalifungua kufuli la mnyororo, akaanguka miguuni pa mdogo wake.

"Vidonge vya muuguzi viko kwenye droo ya kaunta," akanong'ona. "Niletee, Mshamu. Niletee upesi."

Mshamu alimtazama. Macho yake yalikuwa safi kabisa.

"Nilikuwa nasikia, dada," akasema. "Siku ile ulipovuta maji chooni, nilisikia."

Kisha akauokota mnyororo.

Evelyn aliporudi alikuja na mkubwa kutoka wizarani na mpiga picha. Walimkuta Mshamu kwenye kaunta, kanzu nyeupe, wateja wanasukumana. Akawaeleza kwamba mgonjwa alikuwa yeye, dada yake alimficha kwa aibu; dawa zao zimemponya, na dada amekwenda Kilwa kupumzika. Evelyn alifuta machozi ya furaha. Mkubwa akasema nyumba hii itakuwa mfano kwa mkoa mzima.

Juu, kitu kizito kikaburutwa sakafuni. Sabaha alikuwa ameitambua sauti ya yule binti na alikuwa anamwita kwa nguvu zake zote, lakini kilichoshuka ngazi kilikuwa kicheko tu.

"Nani yuko juu?" Evelyn akauliza.

"Fundi," akajibu Mshamu. "Anarekebisha stoo."

Wakapiga picha, wakaenda zao. Wateja walizidi kuingia. Mshamu akamfungia mama mmoja vitenge vyake, akamrudishia chenji kwa adabu, kisha akachukua sahani mbili akapanda ngazi: moja ya halua, nyingine ya ugali wa jana.