Kaburi Lililolala Vibaya

"Chewa, hapa Mwamba. Mzigo umeuona?"

"Kwenye mabegi ya watalii hamna, chefe. Nimepekua yote sita."

"Basi umeshatangulia kisiwani. Kesho helikopta inatua Palma na watu kumi na wawili. Makombora yale yakivuka leo, hawatatua. Boti ya kuyachukua inakuja maji yakijaa. Una saa mbili."

Zuleica Abibo alizima Thuraya, simu yake ya setilaiti, akaizika ndani ya gunia la mchele.

Kwa watalii sita aliokuwa nao, Zuleica alikuwa mpishi tu. Walikuwa wamekuja likizo ya kutembea kwa miguu, kisiwa hadi kisiwa, wakivuka mchanga kila bamvua linapoivuta bahari mbali. Duniani kuna watu wanaolipia kuchoka. Watano kati yao walikuwa watu wema wenye malengelenge. Wa sita, Kaspar, alikuwa na darubini ya Leica ambayo hakuwahi kuitazamia ndege hata mmoja.

Mbele yao kulikuwa na kisiwa cha Suna.

Zuleica alizaliwa pale. Miaka mitano iliyopita wenye bunduki walikuja asubuhi moja, na tangu hapo hakuna anayepika Suna. Milango ilibaki wazi. Alipita mbele ya nyumba yao bila kugeuza shingo, lakini masikio hayakumtii. Alimsikia kaka yake Hamido akikohoa ndani, kikohozi chake kilekile cha alfajiri. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

Hamido hakuonekana tena tangu siku ile. Mama yao, aliyekimbilia Quionga, bara, amekataa kumsomea hitima mpaka aonyeshwe kaburi.

"Mana Zuleica." Alikuwa Jafar, kiongozi wa msafara, jirani yao wa zamani, aliyezoea kumwita mana, dada. Hakumtazama usoni. "Njoo. Kuna kitu."

Alimpeleka makaburini. Kaspar akawafuata polepole; wale watano walibaki ufukweni.

Kaburi asilowahi kuliona. Kibao. HAMIDO ABIBO.

Zuleica alikigusa kibao. "Mbona hukuniambia, Jafar?"

"Niliona haya, mana. Nilimzika mwenyewe."

"Pole sana," alisema Kaspar kwa Kiswahili cha kitabuni.

Zuleica alilia kweli. Ndani ya kilio mlikuwa na raha ya ajabu, kwamba sasa mama atasoma, atalala. Akageukia kibla, akainua viganja kusoma Fatiha.

Hapo ndipo macho yake yalipogoma.

Maiti hulazwa ubavu wa kulia, uso kibla, kwa hiyo kaburi hukikingama kibla. Makaburi yote ya Suna yamelala hivyo. Hili lilinyooka kukielekea. Aliyemo ndani alikuwa ameinyooshea Maka miguu.

Alimaliza dua. Akafuta machozi.

"Nipike sadaka yake hapahapa," alisema. "Nipe mbuzi yangu, Jafar."

Jafar akamletea mbuzi ya kukunia nazi. Zuleica aliikalia, akakuna. Tui la marehemu halina haraka.

"Ulimlaza kwa mikono yako?"

"Yangu."

"Miguu kibla?"

Jafar akarudi nyuma hatua moja.

Kaspar hakuelewa maneno yote, ila hatua ile aliielewa. Mkono wake ukaingia begini, ukatoka na bastola, Glock.

Mkono wa Zuleica ulishafika chini ya ubao wa mbuzi, palipobandikwa bastola yake ya Makarov.

Risasi moja.

Glock iliruka mchangani. Kaspar alipiga magoti, akikishika kiganja kilichotoboka.

"Fukua," Zuleica alimwambia Jafar.

Alifukua kwa mikono. Kwenye kina cha kiwiko likatokea turubai la kijani. Ndani yake, mabomba manne marefu ya kurushia makombora.

"Walinitishia wanangu," Jafar alisema huku akilia. "Walitaka jina la mtu ambaye nduguze hawatamfukua. Lakini silaha kuzielekeza kibla kama maiti ya Mwislamu? Hapana, mana. Nilimwogopa Mungu. Nikalichimba vibaya makusudi, nikakuita ulione."

"Na Hamido?"

"Sijui aliko. Wallahi sijui."

Zuleica alilitazama shimo. Mapajani mwake nazi ilikuwa imechanganyika na mchanga. Aliwahi kukosea mara mbili katika kazi hii, na mara zote mbili alijilaani. Leo alitamani sana angekuwa amekosea.

Alimfunga Kaspar kwa kamba ya hema lake mwenyewe, akatoa Thuraya mcheleni.

"Mwamba, mzigo ninao. Nimekamata mtu mmoja, mkono mmoja mzima. Boti yao ikija, ikute yenu."

"Hongera, Chewa. Umeumia?"

Alikata simu.

Alisubiri mpaka askari walipofika. Kisha akang'oa kibao, akakibana kwapani, viatu mkononi, akashika njia ya mchanga kuelekea bara. Maji yalishafika kwenye vifundo vya miguu.

"Unakipeleka wapi, mana?" Jafar aliita, akiwa chini ya ulinzi.

"Kwa mama," alijibu bila kugeuka. "Asije akasikia kwa watu kuwa kaburi limeonekana, akaanza kusoma."