Unashukia Wapi, Mama?

Shemeji yangu Fortunato Chambi alikuwa akimbeba mama yake mgongoni kumpeleka hospitali. Nasema kumbeba, sisemi kumshika mkono. Alimfunga kwa awayu, kile kitambaa chetu cha mistari cha kubebea watoto, miguu ya bibi wa watu ikining'inia huku na huku, kofia yake nyeusi imetulia kichwani. Wakipita kwenye meza yangu ya maandazi nilikuwa nawapa uji wa mahindi ya zambarau, wanakunywa hivyohivyo mmoja juu ya mwingine. Huku El Alto, mji wetu wa juu milimani, baridi haina huruma, na barabara ya kwetu ni vumbi mpaka uifikie lami.

Mama Saturnina figo zake zilikuwa zimekufa. Damu yake ilisafishwa kwa mashine Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na siku akikosa, uso ulimvimba mpaka macho yakapotea. Mabasi madogo yalipita tele, lakini dereva akimwona kikongwe asiyeweza kupanda mwenyewe, anakanyaga mafuta. "Pamejaa, mama," na viti vitupu unaviona kwa macho yako. Teksi ni za wenye nazo. Fortunato alishazunguka kwa wauza magari ya mitumba mpaka viatu vikaisha soli. Walitaka dhamana ya nyumba, na yeye ni fundi suruali wa kupanga chumba.

Kilichomuuma si uzito wa mama. Ni Eusebio, jirani mwenye lori, ambaye kila akiwapita alishusha kioo na kusema, "Fortunato, huyo mtoto bado hujamwachisha ziwa?" Watu wakicheka, shemeji anazama ndani ya kola ya koti. Alifika mahali akawa anazungukia nyuma ya ukuta wa shule ili asionekane, mama anachelewa mashine kwa sababu ya aibu hiyo. Mama mwenyewe hakuwa na habari. Huko juu alikuwa akiwapungia watu mkono kama bibi harusi.

Mwezi wa kwanza sisi tuna siku yetu ya vitu vidogo. Unachokitaka mwaka huo unakinunua kikiwa kidogo: nyumba ya kiganjani, kigunia cha mchele, kigari. Ikigonga saa sita mchana, yatiri, mganga wetu, anakifukizia ubani na kukinyunyizia pombe, na Mungu akipenda kinakuja kikubwa. Ila sharti kiwe cha kununua au cha kupewa. Cha wizi hakibarikiwi, hilo hata mtoto analijua.

Asubuhi ya siku hiyo Fortunato alipitia makaburini kubadilisha maua ya baba yake. Kwetu wafu wengi wanalala ukutani, kila mmoja na kijidirisha chake cha kioo, na ndani tunawawekea walivyovipenda: chupa ndogo, mkate, gitaa la ukubwa wa kibiriti. Tundu lililopakana na la baba yake kioo kilikuwa kimevunjika. Jina limefutika. Maua hakuna, vumbi tupu, na katikati ya vumbi limekaa gari dogo la chuma, la buluu, zuri ajabu. Milango inafunguka, vidirisha ni vya kioo kweli, na mlango wa nyuma wa kushoto una mkwaruzo. Uwezo wa Fortunato ulikuwa kigari cha plasta kisicho na hata magurudumu ya kuzunguka. Akawaza atakavyopanga foleni ya yatiri nacho, Eusebio nyuma yake. Akaingiza mkono.

Haya alikuja kumwambia dada yangu Benedicta, mke wake, wakati kusema hakukuwa na faida tena.

Saa sita mzee Severo, yatiri wa mtaani kwetu, alilishika lile gari juu ya moshi, mara akamrudishia haraka. Alisema ni la baridi. Fortunato akajibu kwamba lilikaa kivulini.

Gari lenyewe likaja kabla ya kanivali, sikukuu yetu ya ngoma na maua. Mtu asiyemfahamu alimfuata kazini, akasema ana gari anauza, atalipwa kidogokidogo, hana haraka. La buluu. Mlango wa nyuma wa kushoto una mkwaruzo. Benedicta alipiga vigelegele, Fortunato akawa anaupapasa ule mkwaruzo kwa kidole. Tukadhani ni furaha.

Jumanne ya kanivali kila mwenye gari analipamba maua na mikanda ya karatasi, linamwagiwa bia, majirani wanakula. Mtaa mzima ulijaa pale, na Eusebio na chupa yake. Mzee Severo alilizunguka gari, akasimama penye mkwaruzo. Akauliza kwa sauti ya chini, lakini tulikuwa tumenyamaza, tukasikia.

"Kile kidogo kilitoka wapi, mwanangu? Kama kina mwenyewe, sema. Tutamwomba radhi hapahapa, tumpe chake, yaishe."

 Fortunato akamtazama mama yake, aliyekaa kitini na shali yake ya sikukuu. Akamtazama Eusebio.

"Nilinunua," akasema.

Mzee akamwaga bia juu ya boneti. Haikutiririka. Ilinywewa palepale, kama umemwagia udongo mkavu. Watu wakapiga makofi ya kuchelewa, na mzee Severo akaenda zake bila kula.

Siku ya kwanza ya kwenda hospitali, mama alikaa nyuma, upande wa kulia. Hawajaifikia lami akasema, "Mwanangu, mwambie huyu bwana asogee kidogo." Fortunato akacheka kicheko cha kulazimisha. Nyuma hapakuwa na mtu mwingine. Lakini kioo cha kushoto kilikuwa na ukungu wa pumzi, kwa ndani. Alikifuta kwa mkono wa sweta. Ukungu ukarudi.

Tangu hapo mama alirudi kila safari anatetemeka, mikono ya barafu hata nikimshikisha kikombe cha moto. Akawa anaomba abebwe mgongoni kama zamani. Fortunato akawaambia watu mama amezeeka, akili zinamtoka. Hilo ndilo lililonikera mimi, kumsingizia mzazi wazimu ili wewe usitahayari. Nikamwambia wazi, shemeji, wewe una jambo. Akaniambia niuze maandazi yangu.

Siku moja mama alinivuta shali nimwinamie.

"Gregoria," akaninong'oneza, "kila siku ananiuliza nashukia wapi. Nikimwambia hospitali, anasema yeye hafiki huko."

Safari iliyofuata nikamwachia Benedicta meza, nikaenda nao.

Ilikuwa asubuhi ya jua, mbinguni hakuna hata wingu. Nilikaa mbele. Mtaani Eusebio alipiga honi, Fortunato naye akampigia, kifua mbele. Mambo yalikuwa ya kawaida mpaka njia panda ya soko. Hapo nikasikia baridi kisogoni. Nikageuka. Kioo cha kushoto kilikuwa cheupe. Kiti kando ya mama kilikuwa kimebonyea, kitambaa kimejikunja, kama chini ya mapaja ya mtu mzito.

"Fortunato," nikanong'ona. "Tazama nyuma."

"Sitazami."

Alijua. Haki ya Mungu, alijua. Jasho lilikuwa likimtiririka katika baridi ile.

Mama akamgusa bega. "Simamisha, mwanangu. Nibebe. Si mbali."

"Mama, watu wanatuangalia."

"Mgongoni kwako mimi sikuwahi kuona aibu."

 Machozi yalimjaa Fortunato, mguu ukabaki kwenye mafuta. Nilimwomba asimame, nikamshika mkono, akanisukuma. Njia ya hospitali ni kulia. Usukani ukaenda kushoto. Mikono yake niliiona, inavuta kulia, mishipa imemtoka. Usukani kushoto. Akakanyaga breki. Gari halikusikia. Wauza maua wakapita. Ukuta mrefu. Lango la makaburi. Injini ikazima yenyewe.

Mlango wa nyuma wa kushoto ukafunguka. Taratibu, kama wa mtu mwenye adabu. Kiti kilichobonyea kikainuka. Mlango ukafungwa.

Fortunato akashusha pumzi. "Ameshuka," akasema. "Shemeji, ameshuka."

Nikageuka kumpa mama pole. Alikuwa amekaa vilevile, kofia imetulia, mikono magotini, macho wazi yanatazama lango. Nikamshika shavu. Alikuwa ameshuka naye.

Fortunato alimtoa, akamfunga kwa awayu, akambeba mgongoni kurudi nyumbani, katikati ya barabara kuu, mchana kweupe. Nilimfuata nyuma na kofia ya mama mkononi. Alilia kwa sauti, na kila aliyekutana naye alimwambia, "Niliiba. Nilimwibia maiti, nikaona aibu kusema." Mabasi madogo yalisimama. Madereva walewale walimwambia apande, hawataki nauli. Hakupanda. Mtaani kwetu Eusebio alivua kofia akakosa pa kutazama, na mimi nikamwona Benedicta amekaa chini kando ya mafuta ya maandazi yanayoungua.

Tulimlaza mama ukutani, upande wa pili wa mumewe. Fortunato alilirudisha lile gari dogo kwenye lile tundu lisilo na jina, akaweka kioo kipya, akakizungushia saruji kwa mkono wake. Lile kubwa lilivutwa kwa kamba mpaka uani, lipo hapo mpaka leo. Mnunuzi hapatikani, na kuku hawalali chini yake hata mvua ikinyesha. Shemeji anakwenda kazini kwa miguu, ameinama kidogo, mikono yake imeshika kifuani pale fundo la awayu linapokaa, na awayu haipo.

Siku ya kuwakumbuka wafu tukaenda makaburini na mikate ya sura ya watu, kama desturi. Fortunato alisimama ameupa ukuta mgongo, hawezi kuitazama picha ya mama yake. Mimi ndiye niliyepangusa vumbi. Nilipofika kwenye lile tundu lisilo na jina, saruji ilikuwa haijaguswa, kioo kizima. Gari la buluu lipo palepale. Nikasogeza uso nilione vizuri. Kidirisha chake cha nyuma cha kushoto kilikuwa na ukungu wa pumzi, kwa ndani. Cha kulia nacho kilikuwa hivyohivyo.