Foni ya Rumonge na Kosa la Herufi Moja

Asmani alikuwa fundi cherehani katika mji wa Rumonge. Kila asubuhi alikaa barazani kwake akishona mashati na kanzu. Mke wake, Mwamini, aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Binti yao Kulthumu alikuwa ameolewa Bujumbura. Nyumbani walibaki watatu: Asmani, Mwamini na Feruzi. Feruzi alikuwa mdogo wake Mwamini. Alisafirisha mawese kwa mtumbwi wa mota.

Mwaka huo ulikuwa 1964. Burundi ilikuwa na miaka miwili ya uhuru, lakini watu wa pwani walizungumza zaidi habari za maji. Ziwa Tanganyika lilikuwa limepanda. Nyumba za chini zilikuwa zimeingia maji, na michikichi mingine ilisimama ziwani kama watu waliosahauliwa. Mitumbwi ilipinduka mara nyingi kuliko zamani.

Wavuvi na wachuuzi waliunda komite ya uokozi. Mapadri waliwapatia vyombo vinne vya kuzungumza kwa mbali. Watu waliviita foni. Kimoja kiliwekwa Magara, upande wa kaskazini. Kingine kiliwekwa Rumonge. Viwili viliwekwa kusini, Kigwena na Nyanza-Lac. Foni ya Rumonge iliwekwa kwa Asmani. Nyumba yake ilikuwa mahali pa juu, naye alishinda hapo mchana kutwa.

Hakuna aliyewafundisha kuitumia vizuri. Padri aliwaonyesha kitufe tu. "Ukibonyeza, unasema. Ukiachia, unasikia," alisema, akaenda zake.

Watu waliifurahia foni. Waliulizana bei ya ndagala. Walisalimiana, wakacheka. Bateri iliisha upesi, na mara nyingine foni ilikaa siku nzima bila sauti.

Siku moja ya mwezi wa tatu, saa sita mchana, upepo mkali ulikuwa unavuma. Foni ikalia. Alikuwa Mulamba, mlinzi wa foni ya Kigwena. Alisema haraka haraka kwa sauti ya hofu.

"Allo! Allo! Iko mutumbwi, mota imekufa! Iko mbele ya Mugara! Mutume watu!"

Wakati huohuo mtu wa Magara alikuwa amebonyeza kitufe chake, akiuliza kama chumvi imefika. Sauti mbili ziligongana. Asmani alisikia kelele, kisha mwisho wa neno moja: "...gara."

"Wapi? Magara?" aliuliza.

"Ndiyo, Mugara! Haraka!" alijibu Mulamba, na Asmani akasikia tena Magara.

Magara iko kaskazini, mbali sana na Rumonge. Mugara iko kusini, karibu tu. Herufi moja ndiyo inayotofautisha majina hayo. Asmani alikimbia hadi pwani. Alimkuta Kabwe, nahodha wa mtumbwi wa uokozi.

"Kabwe, nenda Magara! Iko watu wanazama!"

Kabwe hakuuliza neno. Aliwasha mota, akaelekea kaskazini.

Alifika Magara alasiri. Hakuna aliyekuwa ameona mtumbwi wenye shida. Aligeuka, akarudi na tangi karibu tupu.

Jua lilipokuwa likizama, wanaume wawili waliingia Rumonge kwa miguu kutoka kusini. Nguo zao zilikuwa zimeloa na miguu yao ilikuwa na damu. Walikuwa wameshikilia mapipa matupu ya mawese mpaka mawimbi yakawatupa ufukweni. Walikuwa saba mtumbwini; hao wawili tu ndio waliofika.

"Tulingoja tangu saa sita," mmoja alisema. "Tuliona mabati ya Rumonge yakiangaza. Tulisema, sasa hivi watakuja."

Mwamini alisimama kati ya watu. "Na Feruzi?" aliuliza.

Mwanaume yule alitazama chini.

Maiti ya Feruzi ilipatikana siku ya pili, ufukweni chini ya Mugara. Walimzika siku hiyohiyo. Asmani alisimama kaburini bila kulia. Aliporudi nyumbani aliifunika foni kwa kitambaa cheusi, akarudi kwenye cherehani.

Miezi ilipita. Mwamini hakumtukana mume wake. Alipika na kufua kama kawaida. Lakini akimwona karibu na ile foni, alitoka nje. Majirani walipokuja kumpa pole, alisema "murakoze," yaani asante, akaendelea na kazi. Asmani alikonda. Kila alipofumba macho alijisikia akisema, "Nenda Magara."

Mwezi wa nane watu wengi walivuka ziwa kutoka Kongo. Walikuwa wanakimbia vita. Kati yao alikuwemo Lukeba, fundi aliyekuwa akishika foni kwenye meli za Albertville, ng'ambo ya ziwa. Mke wake, Sabine, alileta suruali kwa Asmani ipunguzwe. Lukeba alimfuata, akaona chombo chini ya kitambaa.

"Amahoro, muzee. Iko foni, hii?"

"Ilikuwa foni," Asmani alisema. "Sasa ni kitu cha kuua watu."

Akamsimulia yote. Lukeba alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema kwamba ni mapenzi ya Mungu, kama wengine walivyosema.

"Kosa lilikuwepo," alisema. "Lakini halikuwa la mtu mmoja. Mulamba alisema mbio. Mtu wa Magara aliingilia. Wewe uliuliza, lakini uliuliza vibaya. Naye Kabwe hakukuuliza. Yote hayo iko na dawa."

"Dawa gani sasa? Feruzi amekufa."

"Feruzi amekufa. Mitumbwi bado inapita."

Pazia la chumbani lilisogea. Mwamini alitoka, akaketi kwenye kigoda mbele ya foni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nifundishe mimi," alisema.

"Mama Kulthumu..." Asmani alianza.

"Nimesema anifundishe mimi. Nataka kujua ilikuwa ifanywe namna gani."

Lukeba aliondoa kitambaa. Alimpa Mwamini kile kipande cha kusemea.

"Kwanza, sikiliza. Usiseme mpaka uhakikishe hakuna mwingine anayesema. Wawili wakibonyeza pamoja, hasikiki hata mmoja."

"Halafu?"

"Bonyeza, hesabu mbili kimoyomoyo, ndipo useme. Ukikimbilia, neno la kwanza linakatika. Ita jina la yule unayemtaka, halafu jina lako. 'Kigwena, hapa Rumonge.' Sema polepole, maneno machache. Ukitaka akujibu, sema 'jibu,' halafu achia kitufe. Mazungumzo yakiisha, sema 'nimemaliza.'"

"Na jina la mahali? Kama majina yanafanana?"

Lukeba alimtazama Asmani kwanza, kisha akajibu. "Taja herufi. M kama mama, U kama ukuta. Halafu ongeza alama ambayo kila mtu anaijua. Mugara iko na nini?"

"Maji ya moto," Mwamini alisema. "Watu wanaenda kuoga pale."

"Basi, sema Mugara ya maji ya moto. Na anayepokea asiseme 'ndiyo' tu wala 'nimesikia.' Arudishe habari yote kwa mdomo wake. Kama amekosea, yule wa kwanza atamsahihisha. Hapo ndipo watu wanapopona."

Mwamini alikigeuza kile kipande mkononi. "Dakika moja tu ya kurudisha maneno," alisema. Akajifuta uso kwa kanga, akaomba aanze mazoezi.

Lukeba alikwenda kwa kamyo, lori la mawese, kuwafundisha walinzi wa vituo vingine. Komite ilikubali mambo mapya. Saa moja asubuhi, saa sita na saa kumi kila kituo kingewasha foni na kuita vingine. Wakati wa upepo, foni zingekaa wazi mchana kutwa. Bei na salamu hazingepitishwa tena. Bateri ya pili ingekuwa tayari siku zote. Mtu akisema "hatari" mara tatu, wengine wote wangenyamaza. Kila habari ingeandikwa kwenye kaye, daftari la kituo: saa, mahali, idadi ya watu, wanachohitaji. Wengine walinung'unika. Mwamini aliwajibu, "Anayetaka salamu apande kamyo."

Mwezi wa kumi na mbili mvua zilikuwa nyingi. Jumanne moja ya upepo, saa nne asubuhi, foni ilisema.

"Hatari, hatari, hatari. Rumonge, hapa Kigwena. Jibu."

Ilikuwa sauti ya Mulamba. Mwamini alishika kalamu. Kabla hajabonyeza, Anastasie, muuguzi wa Nyanza-Lac, aliingilia kwenye foni akiulizia dawa. Mwamini alingoja amalize.

"Vituo vyote, kimya. Kigwena, hapa Rumonge. Sema. Jibu."

"Mutumbwi wa abiria, mota imezimika. Iko mbele ya msitu wa Kigwena. Watu kumi na mmoja. Upepo unawapeleka mbali na pwani. Jibu."

Mwamini aliandika kila neno, kisha akabonyeza. "Narudisha. Mbele ya msitu wa Kigwena. K kama kamba, I kama Idi. Watu kumi na mmoja, moja na moja. Upepo unawatoa nje. Ni kweli? Jibu."

"Ni kweli. Iko mgonjwa ndani, mzee. Jibu."

"Tandika shuka jeupe ufukweni, Kabwe alione. Usiwaondolee macho. Kila robo saa niambie wako wapi. Nimemaliza."

Alichana karatasi, akampa Asmani. Asmani alikimbia pwani kama siku ile. Safari hii Kabwe alisoma karatasi kwa sauti, neno kwa neno, Asmani akiitikia. Kisha mtumbwi ukaelekea kusini.

Saa sita mchana ilikuwa haijafika bado Mulamba alipoita tena. Kabwe alikuwa amewafikia. Mtumbwi wao ulikuwa umejaa maji nusu, na mwanamke mmoja, Bora, alikuwa akiyachota kwa sufuria, mtoto mgongoni.

Watu kumi waliteremka Rumonge wakiwa hai. Wa kumi na moja alikuwa mzee Abdulhamid, muuza chumvi. Baridi ilikuwa imemshinda njiani. Alilazwa ufukweni, akafunikwa turubai.

Asmani alipanda nyumbani kuchukua jembe. Alisimama mlangoni, maji yakimtiririka usoni.

"Kumi wamepona," alisema. "Mama Kulthumu, kama siku ile ningerudisha maneno, Feruzi angekuwa hai."

"Ndiyo," Mwamini alijibu. "Angekuwa hai."

Mvua ilipiga bati. Kisha akainuka, akamletea mume wake koti kavu, akamvalisha mwenyewe.

"Nenda ukamzike mzee wa watu," alisema. "Hapa nitasikiliza mimi."

Akaketi tena mbele ya foni, akafungua ukurasa mpya.