Kioo Kisichoshika Maji

Mvua ya saa tisa ilipoanza kunyesha Mogogosiek, Kepher alitoka na kikombe cha chai kwenda kibarazani kutazama gari lake likikataa maji. Ndiyo ilikuwa starehe yake siku hizi. Vioo vyote alikuwa amevipaka dawa ya kufukuza mvua, na matone yaliviringika na kudondoka kama juu ya jani la nduma. Kioo cha mlango wa nyuma, upande wa kushoto, ndicho kilichomfanya aweke kikombe chini. Pale maji yalikuwa yameganda katika umbo la kiganja: vidole vinne vizima, na kile cha mwisho nusu.

Alikisugua, akapaka upya. Kesho yake mvua ikaja, na kiganja kikaja nayo. Akapaka mara ya tatu kwa hasira, akimficha mkewe Quinter, maana mimba yake ilikuwa ya miezi minane na nusu na hakutaka ashtuke. Lakini alijua kidole kile kilikuwa cha nani.

Kilikuwa cha Ayoo, mchuma chai wa shamba la ng'ambo ya mto, mama mzee ambaye panga lilimkata kidole zamani. Alipofariki mwezi uliopita, Kepher ndiye aliyekodiwa kusafirisha jeneza hadi kwao Nyakach. Dawa ya vioo alikuwa ameipaka asubuhi ileile. Dada ya marehemu, Rebeccah, aliketi mbele akamwomba kwa upole.

"Kepher, baba, shusha hiyo dirisha ya nyuma kidogo. Ayoo lazima aone njia. Kila mto tunamwambia, na tukifika nyumbani tunamwambia tumefika, ndio ashuke."

"Mama, hiyo dawa bado ni mbichi. Nikishusha kioo itakwaruzwa yote. Wacha tu aende hivyo."

Walivuka mto wa Sondu madirisha yamefungwa, na hakuna aliyemtajia Ayoo mto.

Tangu hapo gari lilinuka majani ya chai yaliyolala guniani, na kwenye kila kona kucha iligonga kioo kutoka ndani, ko, ko, ko.

Alhamisi, saa kumi mchana, uchungu ukamshika Quinter. Gari jingine halikupatikana. Kepher alimlaza kiti cha nyuma, akaondoka mbio kuelekea hospitali ya Longisa, na mvua ikawafuata.

"Kepher," Quinter alinong'ona walipokaribia Bomet. "Ni nani anapumua hapa kando yangu?"

Wakati huohuo matone kwenye kioo cha mbele yaliacha kuviringika, yakashika, yakaungana, yakatanda kama utando wa maziwa, na waipa zikapita juu yake bila kuondoa chochote, na huku akijua kwamba daraja la Nyangores liko hapo mbele na malori ya chai yanatoka upande wa pili, akasikia sauti ya mwanamke mzee, iliyokauka, karibu kabisa na sikio lake.

"Hata mimi sikuona njia."

Kepher alilia. Alishusha vioo vyote vinne, mvua ikamwagika ndani.

"Ayoo, mama, nisamehe! Angalia, madirisha iko wazi! Huu ni mto Nyangores, tunavuka sasa. Niachie bibi yangu ajifungue, mama!"

Kioo cha mbele kikawa safi ghafla. Akaliona daraja, akalivuka, na kutoka pale hakunyamaza tena. Kila kijito na kila kona alimtajia. Langoni mwa hospitali, koo limekauka, akili imechoka, akamalizia alichokuwa akisema njia nzima.

"Ayoo, tumefika."

Quinter alishukia mlango wa kulia, mikononi mwa wauguzi. Mlango wa kushoto ulifunguka wenyewe.

Mtoto alizaliwa jioni ile, wa kike, mzima. Kesho yake Kepher akamchukua Rebeccah hadi Nyakach ili kumfikisha Ayoo kwao, madirisha wazi, wakitaja mito yote. Kando ya kaburi mvua ikawanyeshea, naye akapandisha vioo. Kile cha mlango wa nyuma kilikuwa safi, matone yakiteleza yote, akacheka kwa nafuu. Rebeccah hakucheka. Alikigusa kioo kile kwa muda.

"Huyu hatukuja na yeye," alisema polepole. "Kepher, ulimwambia tumefika wapi?"

Simu ililia. Alikuwa Quinter, kutoka hospitalini, sauti yake nyepesi, ya mtu aliyelala vizuri.

"Baba mtoto, asante kwa kunitumia huyo mama wa kunisaidia. Anasema ni wewe ulimleta. Lakini mwambie anirudishie mtoto, nimemwomba mara tatu anakataa. Amesimama na yeye dirishani. Anasema anamwonyesha njia."